Betri za Mjomba

Arobaini ya Mjomba Nassoro ilisomwa kijijini Mpapura mwezi wa saba, na mimi sikudondosha chozi hata moja. Nasema mapema ili anayetaka kunihukumu asipoteze muda. Watu walimsifu mpaka nikaona aibu kwa niaba yao. Alikuwa mtu wa watu, walisema. Aliwapenda watoto wa dada yake kuliko wanawe wa kuwazaa. Mzee aliyesema hivyo alinigeukia na kutingisha kichwa kwa huruma, maana mtoto wa dada yake ni mimi, peke yangu, nami nikainamia sahani yangu ya pilau. Nina miaka arobaini na sita, nafundisha hisabati, nimezoea kumwacha mtu amalize jibu lake hata kama amekosea tangu mstari wa kwanza. Lakini siku ile nilikuwa nachemka. Nyuma yangu, chini ya turubai, Shaibu mtoto wa marehemu alikuwa ameinamia simu, na kutoka kwenye simu ile ilikuja sauti ninayoijua: karata zinagawiwa, moja, mbili, mpaka tano, halafu kimya cha kukusubiri uamue. Poka. Baba yake ana siku arobaini kaburini, dua imemalizika sasa hivi, na yeye anacheza poka. Nikamtazama. "Mkono mmoja tu, dada Somoe," akasema bila kuinua macho. Maneno hayohayo niliyasema mimi msimu mzima nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na mama yangu akapoteza kila alichokuwa nacho.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yalikuwa ya kujificha. Niliishi na mama hapohapo Mpapura, nyumba ya vyumba viwili. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la nguo, na kona ya mifuko ya salfa iliyofanya kila kitu kinuke kiberiti, mpaka shuka. Dirisha lilikuwa dogo, linaelekea jikoni, kwa hiyo yote yaliyosemwa jikoni yalinifikia nikiwa nimelala. Mchana tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, jioni ugali uleule na dagaa, na mama akipata nazi alinichekesha kwa kuitangaza kama vile tumepata mgeni kutoka serikalini. Hakunilaumu kwa kufeli. Alisema, "Pumzika, mwanangu, salfa ikiisha tutajua la kufanya." Mama alikuwa na pumu. Unga wa salfa ukimfikia tu, kifua kinabana, anakaa siku mbili akivuta pumzi kwa mabega. Tangu nilipokuwa darasa la sita kazi ya kupulizia mikorosho ilikuwa yangu, na niliiweza.

Sasa lazima niseme habari ya miti, maana bila miti hasira yangu haina kichwa wala miguu. Kwetu mikorosho ya ukoo hupita kwa wanawake. Bibi alimwachia mama miti ishirini na saba, na baada ya mama ingekuwa yangu. Mjomba Nassoro, kaka yake mkubwa, alikuwa msimamizi: anaamua ugomvi, anapanga nani apalilie wapi. Alihudumia miti yake ya ukoo maisha yake yote, lakini hakuwa na mti hata mmoja wa kumwachia Shaibu, kwa sababu mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, na mama yake Shaibu si wa ukoo wetu. Njia ilikuwa moja tu. Mti ambao haukuhudumiwa msimu mzima, msimamizi aliruhusiwa kumpa mtu mwingine atakayeuhudumia, yeyote yule, ili usife bure. Na kuhudumia maana yake kubwa ilikuwa salfa. Maua yakianza kutoka, ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, unayavamia, yanakuwa meupe kwanza, kisha meusi, na hapo umekosa korosho mwaka ule. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado juu ya maua, unga upate kushika. Jua likishapanda unapulizia hewa tu.

Mashine ya kupulizia ilikuwa moja kwa nyumba nane, ilinunuliwa kwa mchango. Kila alfajiri ilihudumia nyumba mbili, na zamu yetu ilikuwa Jumamosi, kila baada ya wiki mbili: sisi kwanza, halafu Mjomba. Utaratibu ulikuwa mgumu lakini wa haki, au ndivyo tulivyodhani. Hakuna anayekuletea mashine nyumbani. Unaifuata kwa jirani aliyeitumia jana. Kama hujafika kabla ya mwanga kukamilika, anayekufuata anaiwasha na wewe umekosa zamu. Hakuna kubembelezana, maana umande ni mfupi na kila mtu ana maua yake.

Mjomba alikuwa karani wa ghala mjini, akirudi kijijini kila Ijumaa kuswali na kushinda na watu wake. Ijumaa moja mwezi wa tano alikuja kwetu na mfuko wa plastiki. Nikamwamkia, akanishika bega. "Mpwa wangu, nasikia umejifungia ndani kama mfiwa. Nimekuletea kitu cha kupunguza mawazo." Kilikuwa kidude cha rangi ya kijivu, ukubwa wa kiganja, na kioo kisichozidi kipande cha sabuni ya kuogea. Mabaharia waliwauzia watu wa bandarini vidude kama hivyo, alisema, na watu wa bandarini wakachoka navyo. Alipotaja karata, mama akanusa jambo kabla hata hajaziona. "Kaka, hiyo si kamari?" Mjomba akacheka. "Kamari ni pesa, dada. Hapa pesa iko wapi? Ni namba tu." Akanionyesha. Kinakugawia karata tano. Unabonyeza zile unazotaka kuzishika, unazitupa nyingine, kinakuletea mpya badala yake. Mbili zikifanana, una kitu. Tatu, una kitu zaidi. Na ukipata ree, mfalme, malkia, ghulamu na kumi, zote za alama moja, kinapiga muziki mpaka mwisho. Alinipa na betri mbili za akiba.

Nataka nieleze vizuri kilichonikamata, kwa sababu wanafunzi wangu leo wanakamatwa na kitu hichohicho kwenye simu na wazazi wao wanadhani ni uvivu. Mimi sikuwa mvivu. Nilikuwa nimefeli, na kijiji kizima kilikuwa kimeshanifungia hesabu: Somoe ataolewa, basi. Kidude kile hakikujua kama nimefeli. Nikikosa, kinagawa tena. Nikikosa tena, kinagawa tena, upya kabisa, hakina kinyongo, hakiulizi. Hakukuwa na mtu mwingine pale aliyekuwa ananipa nafasi ya pili, seuze ya mia. Halafu kuna ile sekunde baada ya kutupa karata mbili na kabla mpya hazijaonekana. Niliishi ndani ya sekunde ile. Nilicheza nikichambua kisamvu, nikaacha mawe kwenye mchele, nikaunguza maharage. Mama aliyala maharage yale akisukuma meusi pembeni mwa sahani.

Siku moja, nadhani ilikuwa Ijumaa ya pili au ya tatu, nilikuwa nimelala chumbani na kidude kifuani, nimekizima sauti. Jikoni mama alikuwa anamtengea Mjomba chakula. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Kaka, mwambie akupe kile kitu ukirudishe mjini. Mtoto hanisikii. Anakula nacho, anaamka nacho." Kijiko kikagonga sahani. Mjomba akajibu taratibu, na mdomo umejaa, "Mwache acheze, dada. Ujana huo. Ukimnyang'anya atakuchukia." Mama akasema, "Na salfa?" Mjomba akasema, "Salfa ataiwahi. Mimi si nipo?" Nilimpenda sana dakika ile. Nilijiambia kwamba duniani kuna mtu mmoja anayenielewa. Alipoondoka aliingiza mkono dirishani akaniwekea betri mpya juu ya shuka, na akanikonyeza.

Jumamosi ya kwanza niliyoikosa niliamka kwa wakati, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliamka kabla ya adhana. Nikaswali, nikavaa suruali ya kazi, nikafunga kitambaa cha pua shingoni, mfuko wa salfa nikausogeza mlangoni. Mama alikuwa anabandika uji. Nikakaa kwenye kizingiti kusubiri uchemke. Mkono mmoja tu. Nikapata ree, mfalme na ghulamu za kopa. Ukiwa na hizo huwezi kuondoka, unabakiza mbili tu, ukizipata ni muziki. Sikuzipata. Nikagawiwa tena, na tena. Nilipoinua kichwa niliuona uso wa mama, halafu nikaona kivuli changu mwenyewe kimelala uani. Nilikimbia. Nilimkuta Mjomba katikati ya miti yake, mashine mgongoni, unga mweupe unapanda mpaka juu. Akaizima aliponiona. Akashusha kitambaa puani na sura yake ilikuwa ya majonzi matupu. "Umande umekauka, mwanangu," akasema. "Zamu imepita." Nikalia. Akanipangusa machozi kwa mkono wenye salfa, macho yakaniwasha asubuhi yote.

Zamu iliyofuata niliikosa vilevile, na sina la kujitetea. Ya tatu niliamka nikiwa nimeapa, kidude nimekificha chini ya mifuko, kikiwa kimekufa betri tangu Alhamisi. Nilikuwa nimeokoka, kwa kweli. Lakini jana yake ilikuwa Ijumaa, na Mjomba alikuwa ameshapita, na kwenye dirisha kulikuwa na betri nne badala ya mbili. Nilizitia nijaribu tu kama nzima. Mama alikuja akasimama mbele yangu, akasema, "Somoe, nakuomba." Hakupiga kelele. Mama aliyenizaa ananiomba, nami nikainua kidole, subiri, subiri kidogo. Alichukua kitambaa changu cha pua, akakifunga yeye, akabeba mfuko wa salfa kichwani akaenda. Nilimpata njiani ameinama kwenye mti, anahangaika na pumzi, na mfuko umepasuka miguuni pake. Nilimrudisha nyumbani nimemkumbatia. Kwa mbali tulisikia mashine inanguruma kwa Mjomba.

Mwezi wa nane maua ya miti ishirini na saba yalikuwa meusi. Ukiyagusa yanavunjika. Kikao kilifanyika uani kwetu, wazee wa ukoo juu ya mkeka, na mama akawapikia, hebu fikiria, akawapikia wali wa nazi watu waliokuja kumvua miti yake. Mjomba alizungumza kwa upole. Alisema inamuuma. Alisema miti ya mama yao haiwezi kuachwa ife kwa sababu ya mapenzi. "Mti ni wa anayewahi umande," alisema, na wazee wakaitikia. Miti akapewa Shaibu, kijana wa miaka kumi na saba aliyejulikana kwa kuamka mapema. Mmoja wa wazee alinionyesha kidole, akasema kizazi hiki cha vidude kitatumaliza. Hakuna aliyeuliza kidude kilitoka wapi. Hakuna! Wanaume wazima sita, wanajua kila mbuzi alikotoka, hawakuuliza. Na mimi nilikaa kimya kwa sababu niliamini kwamba kosa lilikuwa langu lote, na kumtaja mtu aliyenipa zawadi ingekuwa utovu wa shukrani.

Tulihamia Mtwara mjini, Chuno, chumba kimoja cha kupanga chenye mlango unaokwama. Mama alikaanga vitumbua, mimi nikarudia mitihani, na nikafaulu kwa hasira tu. Kidude nilikitupa jalalani. Mama akakiokota, akakifuta na kanga. "Nifundishe," akasema. Nilikataa wiki nzima, kisha nikamfundisha. Akawa anacheza mchana akishamaliza vitumbua, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Lakini hakuwa anatupa karata. Anagawiwa tano, anazibonyeza zote tano, anashika zote. Mbili ya uru, saba ya shupaza, takataka tupu, na yeye anashika. Anakosa. Anagawiwa tena, anashika zote. Ilinikera mpaka siku moja nikampigia kelele, "Mama, lazima utupe! Hupati kitu hivyo!" Hakuacha kutazama kioo. "Nimeshatupiwa vya kutosha," akasema. Alicheza hivyo mpaka kidude kikafa, na miaka mingi baadaye naye akafa, na hakuwahi kushinda mkono ila ule uliotokea wenyewe.

Haya yote yalinijia siku ya arobaini nimeshika sahani ya pilau. Nilimwambia Shaibu, "Hata wewe?" Akacheka, akaweka simu mfukoni. Si mtu mbaya, Shaibu. Ni mzito wa mwili, mwepesi wa maneno. "Dada, hii nimeitamani tangu ujana. Unakumbuka kile kidude chako? Nilikililia mimi! Siku mzee alipokileta nililala chini, kijana mzima, nagaragara nakitaka. Unajua aliniambia nini? Akaniambia, hiki si cha mtu anayetakiwa kuamka mapema." Akacheka tena, peke yake. "Na betri! Kila Ijumaa anapitia maduka ya Chikongola, kule mjini, kukununulia betri, mimi nimeomba daftari miezi miwili. Nikasema kweli mzee anampenda Somoe." Alikuwa anaisimulia kama hadithi nzuri ya baba yake. Sijui kama aliuona uso wangu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Miaka ishirini na saba nimejiita muuaji wa miti ya mama yangu. Sasa sikumsamehe Somoe yule wa kizingitini, la, kidole kilikuwa changu. Ila nilitaka marehemu afufuke dakika tano tu nimwambie mbele ya sifa zake zote.

Hakufufuka, lakini kikao kilikuwepo. Ijumaa, siku iliyofuata, ukoo ulikaa kwenye mkeka. Shaibu alitaka miti ile iandikwe kwa wanawe, na kwa kuwa ilitoka kwa bibi, walihitaji ridhaa ya mwanamke wa ukoo, yaani mimi. Ndiyo sababu nilipewa pilau ya juu juu, yenye nyama. Mzee mmoja akasema, "Somoe ni mwalimu, haya mambo ya miti hayamhusu tena, aseme tu tumalize." Nikauliza, "Ile kauli ya marehemu, kwamba mti ni wa anayewahi umande, bado ipo?" Wakatazamana. Kauli ya marehemu hawakuweza kuikana juma lile la arobaini yake. Ipo, wakasema. "Hata kwangu?" Hata kwako. "Basi kesho zamu ya mashine ni ya nani?" Shaibu akajibu, bado anatabasamu, kwamba Jumamosi zamu ni yake, kama zamani. Nikasema nitakuja, na nitakuja Jumamosi zote za zamu mpaka maua yamalizike, kisha tukae tena hapa. Mmoja akaguna. Shaibu akasema, "Dada, mashine nzito ile, mgongo wako huo?" Wakacheka, hata mimi nikacheka kidogo.

Niliamka kabla ya adhana, nikaswali, nikafunga kitambaa puani. Sikusubiri uji. Mashine siku hizi ni mpya lakini utaratibu ni uleule, na jirani aliyekuwa nayo alinisaidia kuipandisha mgongoni bila kuuliza swali. Ni nzito kweli. Nilivuta kamba mara nne ndipo ikawaka. Nikaanza na mti ulio karibu na njia, ule ambao mama aliinama chini yake akitafuta pumzi, na nikaendelea mpaka wa ishirini na saba, umande unanilowesha mabega na unga unashika kwenye maua kama unavyotakiwa. Nilikuwa bado na hasira, na ilinisaidia kubeba. Nilipozima mashine, jua lilikuwa limepanda na Shaibu alikuwa anakuja anakimbia kati ya miti, shati hajafunga vifungo, simu mkononi inawaka. Akatazama mti wa kwanza, akatazama wa mwisho. "Dada, nilikuwa nimeamka," akasema. "Nimeamka mapema kabisa, nikakaa tu mlangoni kidogo."

Nilishusha kitambaa puani ili anisikie vizuri.

"Umande umekauka, Shaibu," nikamwambia. "Zamu imepita."